Nyumba za Kale za Yangambi

Mtu akitoka Isangi, pale mto Lomami unapoingia katika Mto Kongo, akapanda mtumbwi kuelekea Kisangani, hupita vijiji vya Walokele kando ya maji. Baada ya masaa kadhaa huiona kwa mkono wa kushoto nchi iliyoinuka juu ya mto. Huko ndiko Yangambi. Mgeni hushangaa, maana katikati ya msitu mkubwa hukuta barabara zilizonyoka, nyumba za matofali mekundu, shule, hospitali na maofisi makubwa, mengine yamesimama sawasawa, mengine yameshikwa na mizizi. Nani aliyejenga mji huu msituni, na je, wafaa nini leo?

Mwaka 1933 serikali ya Ubelgiji iliunda chama kikubwa cha kuchunguza kilimo cha Kongo, kwa jina INEAC, na makao yake yakawekwa Yangambi. Palikuwa mahali pa misitu na vijiji vya Waturumbu. Wataalamu wakaletwa kutoka Ulaya, na vibarua wakaletwa kutoka vijijini. Matofali yalichomwa. Nyumba za Wazungu zilijengwa kubwa, zenye baraza na bustani. Za wafanya kazi Waafrika zilikuwa ndogo, na mbali nazo. Haifai kulificha jambo hilo, kwa sababu kuta zenyewe zalisema hata sasa.

Lakini kazi iliyofanyika ndani ya majengo hayo ilikuwa kubwa kweli. Wasomaji wetu wanajua mchikichi. Wapo wenye kokwa nene na mafuta haba, na wapo wasio na ganda gumu, lakini wengi wa hao hawazai vema. Mwaka 1941 mabwana Beirnaert na Vanderweyen wa Yangambi walionyesha jinsi ganda hilo linavyorithiwa. Ukizalisha aina hizi mbili pamoja, wapata mchikichi wa ganda jembamba na nyama nyingi, unaotoa mawese tele. Leo mashamba makubwa ya michikichi ulimwenguni, hata yale ya Malaysia na Indonesia, ni ya aina hiyo. Ni wachache sana huko wanaojua jina la Yangambi. Kahawa ya robusta nayo ilichaguliwa mbegu hapo.

Basi, uhuru ukaja tarehe 30 Juni 1960, na Wabelgiji wengi wakaondoka. Mwaka 1964 vita vya Simba viliushika mji wa Kisangani, uliokuwa ukiitwa Stanleyville, na nchi iliyouzunguka. Mwaka 1970 serikali iliweka mahali pa INEAC chama cha taifa, INERA. Vyuo vikuu vya nchi vilipofanywa kimoja mwaka 1971, masomo ya kilimo yaliletwa Yangambi, na mji wa watafiti ukawa mji wa wanafunzi. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nyumba hizi kubadilishwa kazi. Vita vya miaka ya 1990 vilipofika, chuo kilihamia Kisangani. Fedha zilikatika, mabati yakaingia kutu, mvua ikaingia ndani.

Hapa yafaa tusimame kidogo, maana mtu aweza kusema: kwa nini tuhangaike na nyumba za wakoloni? Tuzibomoe, tujenge zetu. Neno hilo lina haki yake, lakini na tuhesabu gharama. Saruji ya kujengea huko hutoka mbali. Kwa mto, kutoka Kinshasa hadi Kisangani ni kilomita zaidi ya 1,700, na mashua kubwa huchukua majuma mengi. Nyumba ya zamani ina msingi tayari, ina kuta tayari; kinachotakiwa kwanza ni paa. Fundi yeyote wa nchi ya mvua ajua kwamba ukuta wa matofali ya kuchoma huishi miaka mingi ukifunikwa, na ukiachwa wazi hufa upesi. Tena wajenzi wa siku hizi wanaongeza sababu nyingine: utengenezaji wa saruji ulimwenguni hutoa karibu asilimia 7 au 8 ya hewa ya ukaa yote inayotokana na kazi za wanadamu. Kuta zilizokwisha simama hazichomi tena kitu.

Wala si jambo geni. Kule Roma lipo hekalu liitwalo Pantheon, lililojengwa zamani za Kaisari Hadrian, karibu mwaka 126, kwa ajili ya miungu. Mwaka 609 Papa Bonifasi IV alilifanya kanisa la Bikira Maria na Mashahidi. Mahekalu mengi ya mji ule yamebaki mawe tu, watu waliyachukua kwenda kujengea. Lile limesimama mpaka leo na Misa husomwa ndani yake. Na karibu zaidi nasi, Unguja, tajiri wa Kihindi Tharia Topan alianza mwaka 1887 jengo kubwa mbele ya bahari, akafa kabla halijaisha. Likawa nyumba ya dawa, halafu baada ya mapinduzi ya 1964 likaachwa likaoza. Miaka ya 1990 Shirika la Aga Khan lililitengeneza, mbao zake za nakshi zikarudishwa, na likapata kazi mpya.

Yangambi nayo ilipata zamu yake. Tangu mwaka 1917? La, tangu mwaka 2017! Miaka mia yote isingetosha kwa uvumilivu wa wale waliobaki. Mwaka huo wa 2017 kazi ya kufufua kituo ilianza kwa fedha za Umoja wa Ulaya, ikiongozwa na shirika la misitu CIFOR pamoja na INERA. Nyumba inayotunza mimea iliyokaushwa ilikarabatiwa. Humo mna majani na maua yapata 150,000, yamebandikwa kwenye karatasi, kila moja na jina lake na mahali lilipochumwa. Hakuna akiba kubwa kuliko hiyo katika Afrika ya Kati. Maabara ya kuchunguza mbao ikawekwa katika kituo hicho hicho. Jipya lililosimamishwa ni mnara wa chuma wa mita 55, mwaka 2020, kwa kazi ya Chuo Kikuu cha Ghent, wa kupima hewa ambayo msitu huivuta na kuitoa.

Lakini mafundi wasingalikuta kitu cha kukarabatia kama si wafanya kazi wa Kikongo waliobaki Yangambi miaka ya vita, kwa mshahara kidogo au bila mshahara, wakipanguza vumbi na kufukuza wadudu. Kwa ajili yao karatasi zilipona. Zilipona pia orodha za zamani za miti: tangu 1937 hata 1958 watu walikuwa wakipita msituni kila juma wakiandika mti upi umetoa maua, upi umeangusha majani. Watu wengi wa nchi mbalimbali wamejitolea kuzinakili katika kompyuta, na wataalamu wanazilinganisha na vipimo vinavyotoka kwenye mnara.