Sauti za Maswa, kutoka Kaseti hadi Memori Kadi

Wagika na Wagalu, vyama vya ngoma vya Wasukuma vilivyoanzia kwa waganga Ngika na Gumha katika karne ya 19, vilishindana kila baada ya mavuno. Wimbo ulidumu kwa aliyeukariri, basi. Baadaye zikaja kanda za Radio Tanzania, kisha kaseti, na kaseti hazikuliweza vumbi la Maswa, Usukumani: utepe ulinasa, ukakatika, ukaungwa kwa gundi.

Tiba ilitoka Japani. Mwaka 1984 Fujio Masuoka wa Toshiba alitangaza kumbukumbu ya flashi, na mwaka 1987 akaleta aina ya NAND, iliyomo leo kwenye memori kadi. Msingi wake uliwekwa mwaka 1967 na Dawon Kahng na Simon Sze katika maabara za Bell, Marekani.

Ufundi wake unastahili kustaajabiwa. Chipu ina mabilioni ya seli, na katika kila seli mna sehemu ndogo iliyozungushiwa kihami pande zote. Volti zipatazo 20 huzisukuma elektroni hadi zikapenya kihami. Umeme ukikatika, elektroni hunaswa humo kwa miaka. Simu hukagua tu wingi wa elektroni zilizomo, ikapata sifuri na moja, na kwa namba hizo wimbo mzima hujengeka. Wakati wa kufuta, volti hugeuzwa na fungu zima la seli hutolewa elektroni kwa mpigo. Hakuna utepe wala kinachozunguka.

Kadi ya SD ilitangazwa mwaka 1999, flashi za USB zikaingia sokoni mwaka 2000. Simu za bei nafuu zilipoenea, vikazuka vibanda vya kuingiza nyimbo, na mkulima wa pamba anayeishi mbali na nguzo za umeme akaweza kutembea na mamia ya nyimbo za Kisukuma mfukoni. Kwangu mimi, hilo ni badiliko kubwa kuliko redio yenyewe, kwa sababu sasa msikilizaji ndiye anayechagua, tena kwa lugha yake.

Lakini flashi nayo huchakaa. Kila kuandika na kufuta hudhoofisha kihami, na elektroni huvuja polepole, joto likizidi huvuja upesi zaidi. Kadi iliyosahaulika kabatini miaka mingi yaweza kufunguliwa ikiwa tupu.

Kama umemrekodi babu au bibi yako akiimba, nakili sauti hiyo mwaka huu kwenye kadi ya pili na kwenye kompyuta, kisha mpe ndugu anayeishi mji mwingine nakala nyingine.