Maonyesho ya Mtandaoni na Jina la Litungu

Neno "makumbusho" limetokana na kitenzi "kumbusha", na "maonyesho" limetokana na "onyesha". Zamani mtu aliyetaka kukumbushwa au kuonyeshwa jambo hakuwa na budi kusafiri. Makumbusho ya Dar es Salaam yalifunguliwa mwaka 1940, na Mkoa wa Mara ulipata Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, Butiama, mwaka 1999. Mwananchi wa Tarime au Serengeti alilazimika kufunga safari.

Siku hizi kitu ndicho kinachomfuata mtazamaji. Mwaka 2019 Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kwa kushirikiana na Google, yaliweka mtandaoni maonyesho ya utamaduni wa makabila ya nchi hiyo. Mwaka uliofuata, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipofunga milango ya makumbusho mengi duniani, njia hiyo ilizidi kushika nguvu. Istilahi "maonyesho ya mtandaoni" imezoeleka. Hata hivyo, tusidhani kwamba kazi ya istilahi imekwisha.

Tuchukue mfano wa litungu, ala ya Wakurya yenye nyuzi nane. Anayeihudhuria ngoma yake husikia sauti nzito ya ala, na huhisi ardhi ikitikiswa na viatu vizito vya mbao vya wachezaji. Mgeni akiiita zeze, wazee watamsahihisha, na ala yenyewe itawaunga mkono: zeze la Wagogo husuguliwa kwa upinde, ilhali litungu hupigwa kwa vidole. Uwanjani, basi, kosa la jina halidumu.

Mtandaoni mambo ni kinyume. Huko mtazamaji haongozwi na sauti wala umati. Huongozwa na neno analoliandika. Picha iliyoandikwa "kinubi" tu huenda asiipate mtoto wa Tarime anayetafuta "litungu", au "iritungu" kama wasemavyo nyumbani kwao. Vivyo hivyo, atafutaye "Serengeti" hukutana kwanza na nyumbu na simba, kabla ya kuona kazi yoyote ya mikono ya Wangoreme au Waikoma, wenyeji wa wilaya hiyo. Sanaa yao ipo, lakini imefichwa na jina.

Hatusemi kwamba jina la jumla halifai. "Kinubi" humsaidia msomaji wa Kigoma au Mombasa kutambua aina ya ala. Tunachopendekeza ni utaratibu: jina la wenyewe litangulie, matamshi yake mengine yaandikwe pia, kisha jina la jumla lifuate pamoja na maelezo ya namna ala inavyopigwa.

Zamani kibandiko cha makumbusho kilieleza kitu ambacho mtu amekwisha kukiona. Sasa kibandiko hicho ndicho mlango wenyewe. Tukikosea kuuandika, hata mwenye nyumba atapotea njia ya kurudi kwake.