Na Mgeni Je, Ataponywa na Nani?

Wahenga walinena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii niliifundisha darasani kwa miaka mingi, na kila mara maelezo yangu yalikuwa yale yale: mgeni akija kuku huchinjwa, na mwenyeji aliyekuwa akilalia mboga za majani naye hupata kitoweo. Sikuwahi kuigeuza methali ile na kuitazama upande wa pili. Mgeni mwenyewe, aliyeingia katika nchi ya joto asiyoijua, yeye ataponywa na nani?

Swali hili limenirudia hivi karibuni, mjukuu wangu alipopata kazi ya ujenzi huko Muscat, akaja Morogoro kuniaga na kuniomba nasaha. Alitegemea nimwambie habari za swala na za kutunza fedha. Nilimwonyesha milima ya Uluguru, ambayo kutoka barazani kwangu huonekana yote asubuhi kabla mawingu hayajashuka, nikamwambia kwamba milima ile imekwisha kuona wageni wengi, na wengi wao waliugua chini yake.

Mmoja wao alikuwa Mwingereza Richard Burton. Mwaka 1857 yeye na mwenzake Speke walipita Zungomero, katika nchi ya Wakutu chini ya milima hii, wakiyatafuta maziwa makuu. Walikuwa hoi kwa homa. Walipoanza kupanda vilima wakapata nafuu, na Burton akaisifu hewa safi ya mlimani. Lakini nafuu ile haikudumu. Baadaye katika safari hiyo hiyo miguu yake ilikufa ganzi, akawa mtu wa kubebwa kwa machela kwa miezi mingi.

Jambo linalonisikitisha katika habari ya Burton ni kwamba dawa ya akili alikuwa nayo mfukoni. Mwaka uliotangulia, yaani 1856, alichapisha kitabu juu ya safari yake ya Usomali, na humo alitaja kwamba wenyeji waliamini kuumwa na mbu huleta homa za kuua. Aliliandika jambo hilo kama ushirikina. Kwa maoni yake, mbu na homa huzidi kwa wakati mmoja, ndiyo maana watu wamevichanganya. Basi mtu aliyeambiwa chanzo cha homa na wenyeji, akacheka, aliingia Zungomero mwaka mmoja baadaye na kuwaacha mbu wamle.

Tusimcheke sana. Wasomi wengi wa Ulaya wa zama zile waliamini kwamba homa hutokana na uvundo wa mabwawa, na neno malaria lenyewe ni la Kiitalia, maana yake hewa mbaya. Kwa hiyo waliiogopa hewa ya usiku, wakaliogopa jua, wakavaa kofia nzito na mikanda ya sufu tumboni, huku adui akiingia kwa mlango mwingine kabisa. Kwinini walikuwa nayo, na iliwaokoa wengi, ila waliitumia kama mtu anayezima moto bila kujua unawashwa wapi.

Stanley naye alipita hapa mwaka 1871, akaona mji wa Simbamwene ulioanzishwa na Kisabengo, kisha akavuka mbuga za Makata katikati ya masika. Maji yalifika kiunoni na mahali pengine kupita hapo. Aliugua vibaya, na wale Wazungu wawili aliofuatana nao, Farquhar na Shaw, hawakuiona pwani tena: wa kwanza alifia upande wa Mpwapwa na wa pili Unyanyembe. Mwaka 1879 mwanajiografia Keith Johnston alikufa kwa ugonjwa wa kuhara damu huko Behobeho, kusini ya milima hii, akimwachia uongozi wa msafara kijana Joseph Thomson, mwenye umri wa miaka 21 tu.

Ukweli ulidhihirika mwishoni mwa karne ile. Mwaka 1897, Ronald Ross aliyekuwa daktari katika jeshi la Uingereza huko India aliviona vijidudu vya malaria ndani ya tumbo la mbu. Mwaka uliofuata, Mjerumani Robert Koch, aliyekuwa amefanya uchunguzi katika nchi yetu, alieleza jambo alilolisikia kwa watu wa milima ya Usambara. Walimwambia kwamba wakishuka bondeni huumwa na mbu na kupata homa, na ugonjwa wenyewe waliuita kwa jina lile lile la mdudu, yaani mbu. Watu wa milimani hawakuwa na darubini. Walikuwa na macho, na kumbukumbu za jamaa walioshuka wazima wakarudi wagonjwa.

Hapa ndipo msomaji aone jambo kubwa ambalo mimi nilichelewa kuliona. Mgeni si lazima awe Mzungu. Waluguru, ambao jina lao maana yake ni watu wa mlimani, wanaishi juu ya milima inayopita mita 2,600 kileleni, na mji wa Morogoro uko kama mita 500 tu. Kule juu baridi humzuia mbu, na pia humchelewesha kijidudu kukomaa ndani yake. Mtoto wa bondeni aliyeumwa homa mara nyingi akapona, mwili wake hujifunza kupambana nayo kwa kiasi fulani. Yule wa mlimani hana mafunzo hayo. Akitembea mwendo wa siku moja kushuka bondeni, damu yake ni ngeni kama ya mtu aliyetoka London.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilionyesha hayo kwa mizani ya kutisha. Majeshi ya Smuts yaliingia Morogoro tarehe 26 Agosti 1916, kisha yakawafuata Wajerumani upande wa Kisaki. Kikosi cha Tisa cha Afrika Kusini kilikuwa na watu 1,135 mwezi Februari. Kufika Oktoba waliobaki na afya ya kupigana walikuwa 116, na hawakuwa wamepigana sana. Malaria na kuhara viliwamaliza. Farasi walikufa kwa maelfu kwa sababu ya mbung'o. Na wapagazi, ambao wengi walitolewa katika nyanda za baridi, walikufa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa maradhi, uchovu na chakula kibaya kuliko kwa risasi. Jina la kikosi chao tunalo bado kila tutajapo Kariakoo. Nao walikuwa Waafrika, wakifa ugenini ndani ya Afrika.

Sasa nieleze kwa nini mambo haya hayanitoki moyoni. Mwaka 1986 nilikuwa mkuu wa chuo kimoja cha ualimu kilichokuwa bondeni. Alipokelewa kijana mmoja kutoka Makete, nchi ya baridi kali. Wiki chache baada ya mvua kuanza akaanza kulalamika kichwa na viungo. Ilikuwa siku ya kazi za shamba, na mimi, niliyekuwa nimechoshwa na wanafunzi wanaokwepa jembe, nilimwambia maneno ambayo tulizoea kuwaambia wageni wote: "Ni hali ya hewa tu, utazoea." Akachukua jembe akaenda. Hakuwa na chandarua, na chuo hakikumpa. Usiku wa pili wenzake walikuja kunigongea, kijana anaweweseka na kuita mama yake kwa lugha ya kwao. Tulimfikisha hospitali alfajiri. Hakupona.

Baba yake alipofika alikuwa amebeba blanketi zito la sufu, kwa kuwa aliambiwa mwanawe anatetemeka kwa baridi. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na afadhali angenilaumu. Nilikuwa nimesoma habari za Burton nikiwa mwanafunzi, nikamwona mjinga kwa kusingizia hewa. Miaka yangu yote ya elimu haikunizuia kusema "hali ya hewa" mbele ya mtoto aliyekuwa akiungua. Burton alikataa kumsikiliza mwenyeji. Mimi mwenyeji nilikataa kumsikiliza mgeni.

Kwa hiyo mjukuu wangu nilimpa nasaha chache. Kwanza, huko aendako adui si mbu bali ni joto lenyewe, na joto huwaangusha zaidi walio katika siku zao za mwanzo. Mwili huhitaji wiki moja au mbili kulizoea, basi aanze kazi polepole na anywe maji kabla kiu haijamwita. Pili, wenyeji wa Oman wameweka amri ya kusimamisha kazi za juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana, Juni hadi Agosti. Hiyo ni hekima ya watu wanaolijua jua lao. Asione fahari kuivunja. Tatu, akirudi likizo baada ya miaka miwili mitatu asijidai mzaliwa. Kinga ya malaria hufifia mtu akikaa mbali, na Morogoro itampokea kama mgeni. Alale ndani ya chandarua, na akipata homa akapimwe siku ile ile.

La nne sikumwambia yeye, nawaambia wenyeji wenzangu. Mgeni akisema anaumwa, msimwambie atazoea. Mpelekeni.

Kijana aliondoka na basi la alfajiri. Nilipomwandalia mzigo niliweka chandarua ndani. Akacheka, akasema Muscat hakuna malaria. Nikamwambia ninajua, ni cha siku atakayorudi.