SOMO LA REDIO: MASHINE YA KUKUZA SAUTI

Leo tutasoma historia ya mashine ya kukuza sauti, yaani amplifaya. Wengi wenu mmeiona ndani ya gari, imefungwa chini ya kiti au nyuma kwenye buti. Je, ilianzaje?

Mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest alitengeneza valvu yenye ncha tatu, chombo cha kioo kinachofanana na taa ya umeme. Baadaye mafundi waliona kwamba valvu hiyo yaweza kuchukua sauti ndogo na kuifanya kubwa. Lakini ilipata moto, ilivunjika kwa urahisi, tena ilikula umeme mwingi. Mahali pasipo na umeme, redio ilihitaji betri kubwa. Mwaka 1949 jirani zetu wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, waliuziwa redio ya valvu yenye umbo la sufuria kwa pauni 5. Betri ilinunuliwa mbali.

Kumbe dawa ilikwisha patikana. Desemba 1947, huko Marekani, John Bardeen na Walter Brattain walikuza sauti kwa transista, kipande kidogo kisichohitaji kioo wala moto. Transista ilitosheka na betri ndogo, ikaleta redio za bei nafuu mpaka vijijini. Hivyo, mwaka 1973, watu wapatao milioni 2 wa Tanzania waliketi katika vikundi kwa majuma 12 kusikiliza masomo ya "Mtu ni Afya". Walijifunza habari za malaria, vyoo na maji safi. Kilichowafaa kilikuwa maneno, si kelele.

Sasa tazameni amplifaya ya gari, itumiayo betri ya volti 12. Kitufe cha geini hupatanisha amplifaya na redio inayoipelekea sauti. Wengi hudhani ni cha kuongeza sauti tu. Wakikizungusha mno, mashine hufika mwisho wa nguvu zake, sauti hukatwa vilele na kukwaruza, na spika yaweza kuungua. Besi, yaani sauti nzito, ndiyo ilayo nguvu nyingi. Ikizidi, hufunika maneno.

Basi fanyeni hivi:

1. Shusheni geini mpaka chini. Besi msiiongeze.
2. Fungueni sauti ya redio kadiri ya robo tatu.
3. Pandisheni geini polepole. Sauti ikianza kukwaruza, rudisheni nyuma kidogo.
4. Mwisho ongezeni besi kidogo kidogo. Maneno yakianza kupotea, punguzeni.

Fikirini gari la matangazo likipita mtaani kutangaza siku ya chanjo ya watoto. Mama aliye jikoni akisikia mngurumo tu asisikie siku, mtoto wake atakosa chanjo. Amplifaya haichagui: hukuza neno, hukuza na kasoro. Kuchagua ni kazi ya mkono wako.

Maswali ya kujadiliana:

1. Kwa nini redio za valvu zilikuwa shida vijijini?
2. Geini ikizidi, spika hupatwa na nini?
3. Matangazo ya mtaani kwenu husikika vizuri? Kama sivyo, mtamshauri nini fundi?