Kunona

Tarasaa, kwenye delta ya Mto Tana, mfugaji wa Kiorma hupapasa nundu na mbavu za ng'ombe kabla ya kusema amenona. Kiswahili kina mpaka hapa: mnyama hunona, binadamu hunenepa. Ukimwambia shemeji yako amenona, jitayarishe kwa majibu. Lakini kivumishi nono kimeruka ua hadi mjini, tuna mshahara mnono na donge nono.

Madaktari husema "ini lenye mafuta". Mimi ningesema ini lililonona, kwa sababu kitenzi hiki hakiishii kwenye umbo la nje. Kuna watu wembamba wenye ini la namna hiyo, nao huenda wasijue hadi wapigwe picha ya tumbo. Ini hugeuza sukari iliyozidi kuwa mafuta. Yakijaa humo, insulini hukosa nguvu, sukari ya damu hupanda, na mafuta mengine humwagwa kwenye damu na kuziba mishipa. Ndiyo maana wenye ini hili huuawa zaidi na maradhi ya moyo kuliko na ini lenyewe. Mwaka 2023 vyama vya wataalamu duniani viliubadili jina ugonjwa huu, vikaufungamanisha na umetaboli, yaani namna mwili unavyokitumia chakula.

Wazee walishaliweka ini jirani na moyo: neno chungu humkata mtu maini, lakini anayelia ni moyo.