"Tosha": Kauli ya Mpinzani katika Uchaguzi wa Rais wa Kenya

Katika makala haya nakusudia kulichunguza swali moja ambalo huulizwa kila uchaguzi wa Rais unapokaribia: kiongozi wa chama kimoja akisimama hadharani kumwunga mkono mgombea wa chama kingine, je, wafuasi wake humfuata? Wako wasemao kwamba mpiga kura humfuata kiongozi wake kama kondoo wamfuatavyo mchunga. Na wako wasemao kwamba kauli za namna hiyo ni maneno ya jukwaani tu, wala hazibadili kura hata moja. Historia ya Kenya yatupa mifano miwili iliyo wazi, mmoja wa 2002 na mmoja wa 2022, na mifano hiyo haikubaliani na upande wo wote kati ya hizo mbili.

Yafaa tuanze na hesabu. Vyama vingi viliporudi, uchaguzi wa kwanza ulifanywa Desemba 1992. Rais Daniel arap Moi, aliyekuwa akitawala tangu 1978, alishinda kwa kupata kura kama 36 tu katika kila 100, maana wapinzani waligawanyika: Kenneth Matiba alipata kama 26, Mwai Kibaki 19, na Oginga Odinga 17. Mwaka wa 1997 mambo yakawa yale yale. Moi alipata kama 40, Kibaki 31, Raila Odinga, mwana wa Oginga, 11, Michael Wamalwa na Charity Ngilu kama 8 kila mmoja. Msomaji akizijumlisha kura za hao wanne ataona kuwa zafika 58. Basi waliomkataa mtawala walikuwa wengi kuliko waliomtaka. Walichokosa ni mtu mmoja wa kumpa kura zao.

Mwaka wa 2002 katiba ilimzuia Moi kugombea tena. Mwezi wa Machi mwaka huo Raila Odinga alikuwa amekwisha kukiunganisha chama chake cha NDP na KANU, na wakubwa kadhaa ndani ya KANU walitumaini kurithi kiti. Moi akamchagua Uhuru Kenyatta. Waliokasirika wakajitenga, na tarehe 14 Oktoba, wakati wajumbe wa KANU wamekutana Kasarani kumthibitisha Kenyatta, Odinga na wenzake walikuwa Uhuru Park, Nairobi, mbele ya umati mkubwa. Hapo ndipo Odinga alipotamka maneno mawili yaliyobaki midomoni mwa watu: "Kibaki tosha." Kibaki alikuwa tayari ameungana na Wamalwa na Ngilu, sasa pande zote zikaingia katika muungano wa NARC. Tarehe 27 Desemba Kibaki alipata kura kama 62 katika kila 100, na Kenyatta 31.

Mwanafunzi wa lugha hawezi kulipita neno hili bila kulitazama. Kwa sarufi ya shuleni tungesema "Kibaki anatosha." Odinga, kama wasemavyo watu wengi wa Nairobi, aliliacha shina la kitenzi bila kiambishi cha mtenda wala cha wakati, na kwa hiyo likawa fupi, rahisi kuitikiwa na umati. Lakini jambo kubwa zaidi ni maana yake. Kutosha ni neno la kipimo: chakula chatosha wageni, kitambaa chatosha kanzu. Asemaye kuwa kitu chatosha hasemi kuwa ni bora kupita vyote. Asema kuwa kwa haja iliyopo hakipungui. Odinga hakuwataka wafuasi wake wampende Kibaki, wala wasahau kwamba miaka mitano nyuma walimpigia kura mwingine. Aliwataka wakubali kwamba mtu huyu afaa kwa kazi moja, nayo ni kuiondoa KANU. Hilo walikuwa wakilitaka wenyewe.

Sasa tupime. Kura za wapinzani wanne wa 1997 zilikuwa 58. Kura za Kibaki mwaka wa 2002 zilikuwa 62. Tofauti ni ndogo. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba kauli ya Uhuru Park iliwageuza watu wa KANU kwa wingi. Ilichofanya ni kukusanya. Wapiga kura wa Kiluo wa Nyanza, waliompa Odinga kura zao mwaka wa 1997, sasa walimpa Kibaki kwa wingi ule ule. Wala kauli peke yake isingetosha. Kibaki alipoumia katika ajali ya gari mapema mwezi wa Desemba na kupelekwa London kutibiwa, Odinga ndiye aliyezunguka nchini akimwombea kura, hali yeye mwenyewe angaliweza kugombea. Watu waliona kwamba msemaji ametoa kitu chake.

Mfano wa pili ni kinyume cha huo. Uhuru Kenyatta, akiwa Rais katika kipindi chake cha mwisho, alipatana na Odinga Machi 2018, na mwaka wa 2022 akamwunga mkono dhidi ya William Ruto, naibu wake mwenyewe. Lakini katika uchaguzi wa 2013 na wa 2017 Kenyatta alikuwa amewaomba watu wa Mlima Kenya wamkatae Odinga, naye Ruto akiwa kando yake. Hawakuweza kuyafuta maneno ya miaka kumi kwa neno moja. Hata katika kaunti ya Kiambu, nyumbani kwa Kenyatta, Odinga alipata kama robo tu ya kura. Hatusemi kuwa kauli ile haikufaa kitu, maana robo hiyo ni zaidi ya aliyoizoea huko. Lakini walio wengi walikwenda kwa Ruto, naye akashinda kwa kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930.

Kwa mifano hii naona kwamba kauli ya kiongozi wa chama kingine ina nguvu pale inapowaonyesha watu njia ya kufikia jambo wanalolitaka tayari. Ikiwataka wageuke na kuliacha walilolishika, huwapata wachache.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo zito. Amwungaye mkono mgombea huwa mdhamini wake, na deni lisipolipwa mdhamini hudaiwa na watu wake. Wakubwa wa NARC walikuwa wametiliana sahihi mapatano ya kugawana madaraka, na katiba mpya iliahidiwa kupatikana ndani ya siku 100. Hayo hayakutimizwa. Novemba 2005 Odinga aliongoza upande ulioikataa rasimu ya katiba ya serikali katika kura ya maoni, na Kibaki akalivunja baraza lake la mawaziri. Waliokutana Uhuru Park wakakutana tena katika uchaguzi wa Desemba 2007 wakiwa maadui, na katika machafuko yaliyofuata watu zaidi ya 1,100 walikufa. Sababu za machafuko yale zilikuwa nyingi, nyingine za ardhi na za zamani sana, wala si haki kuzitundika zote juu ya mapatano yaliyovunjwa. Hata hivyo hapana shaka kwamba hasira ya 2007 ilikuwa kali zaidi kwa sababu waliodhani wamedhulumiwa walikumbuka kwamba ndio waliosema "tosha."

Kibaki alifariki 2022, na Odinga 2025. Neno lao lingali likitumika Kenya kila mwanasiasa anapotaka kibali cha mwenzake. Aliombaye yafaa akumbuke ahadi zilizolitangulia neno hilo, na yaliyofuata zilipovunjwa.