Kicheko cha Nyumba Nzima: Rekodi za Vichekesho Safi katika Miji ya Mlima Kenya

Historia ya vichekesho vilivyorekodiwa nchini Kenya haitengani na historia ya redio moja iliyosikilizwa na watu wengi. Katika miji ya Nyeri, Karatina, Nanyuki, Kerugoya na Embu, kama kwingineko nchini, redio ya miaka ya 1960 na 1970 mara nyingi ilikuwa ya nyumba nzima au ya duka zima, na runinga, iliyoanza kurusha matangazo nchini mwaka 1962, iliwakusanya wazee, wakwe, vijana na watoto mbele ya kioo kimoja. Neno lisilotamkika mbele ya mkwe halikuwa na nafasi katika mkusanyiko huo. Hapo ndipo vilipokita mizizi vichekesho safi, yaani vile visivyotegemea matusi wala mambo ya chumbani. Ingawa Sauti ya Kenya, shirika la utangazaji, ilikuwa mali ya serikali na ilichuja vipindi vyake, adabu ya kusikiliza pamoja ilikuwa mchujo mkali zaidi, na ndiyo iliyozipa rekodi za vichekesho hivyo umri mrefu.

Ufundi wa maneno katika eneo hili ulitangulia mitambo. Wakikuyu walikuwa na gicandi, utungo wa majibizano ya mafumbo ulioimbwa huku kibuyu kilichochorwa alama kikitikiswa, ambao Padre Vittorio Merlo Pick wa Wamisionari wa Consolata aliuhifadhi katika kitabu kilichotolewa mwaka 1973. Hadhira iliyolelewa na sanaa ya namna hiyo ilikuja kwenye redio ikiwa na sikio lililokwisha kunolewa. Kwa Kiswahili, njia ilifunguliwa tangu enzi ya ukoloni na wachekeshaji kama Mzee Pembe na Kipanga, waliotangulia kuonyesha kwamba mhusika mmoja mwenye sauti yake na tabia yake anaweza kupendwa na watu wa lugha nyingi.

Mavuno makubwa yalikuja na Vioja Mahakamani na Vitimbi, vipindi vya Sauti ya Kenya, shirika lililoitwa KBC kuanzia mwaka 1989. Katika Vioja Mahakamani, mshtakiwa husimama kizimbani na kujieleza, na kwa kuwa kila analosema ili kujiokoa humzamisha zaidi, kicheko hutoka ndani ya utetezi wenyewe, wala hakihitaji tusi la kukisukuma. Makokha, Ondiek Nyuka Kwota na Masanduku arap Simiti walikuwa majina ya jukwaani yaliyotajwa majumbani kana kwamba ni majirani. Katika Vitimbi aling'ara Mzee Ojwang, ambaye jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu aliyezungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo kwa ustadi uliowafanya watazamaji wengi wamdhanie kuwa Mjaluo, huku Mama Kayai, aliyeigizwa na Mary Khavere, akimjibu kama mke asiyekubali kushindwa kwa maneno. Wanjau alifariki Julai 2015, lakini vipindi vyake bado vinatazamwa, vingine kupitia YouTube, na watu ambao hawakuwa wamezaliwa viliporushwa kwa mara ya kwanza. Ni haki kuongeza kwamba usafi wa lugha haukuondoa kila dosari, kwani mzaha wa lafudhi hukaribia sana dharau ya kabila, na Wanjau alistahiki sifa kwa sababu alimpa Ojwang utu, ujanja na huruma badala ya kumfanya kikaragosi.

Vipindi hivyo vilikuwa maigizo. Ucheshi wa jukwaani, ambapo mtu mmoja husimama peke yake mbele ya hadhira na kusema, ulichelewa kupata rekodi zake nchini, ingawa kanuni ya uhai wake ni ileile ya lugha safi. Nchini Marekani, sahani ya santuri ya mchekeshaji Bob Newhart, The Button-Down Mind of Bob Newhart, ilitoka mwaka 1960 na kushinda tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka, bila neno chafu hata moja. Newhart alijifanya anazungumza kwa simu na mtu asiyesikika, akamwachia msikilizaji kazi ya kuyawaza majibu, na kazi hiyo ya akilini haichakai kwa kurudiwa.

Katika miji ya Mlima Kenya, ucheshi wa Kikuyu ulipata soko lake kwa kaseti na baadaye VCD za Riverwood, biashara ya filamu na muziki iliyopewa jina la barabara ya River Road jijini Nairobi, ambamo wachekeshaji Machang'i na Kihenjo walijulikana sana. Kameme FM, iliyoanza mwaka 2000, ilifungua mlango wa redio binafsi za Kikuyu, na kutoka katika mazingira hayo alikua Muthee Kiengei, mchekeshaji na mtangazaji ambaye baadaye alianzisha kanisa. Daniel Ndambuki, yaani Churchill, naye aliwapa wachekeshaji jukwaa la kurekodiwa mbele ya watazamaji, na humo MC Jessy, mzaliwa wa Meru, alipata umaarufu wa kitaifa.

Kejeli ya kisiasa ilifuata mkondo mwingine. Wachekeshaji wa kundi la Redykyulass, waliomwigiza Rais Moi, walifanya kazi ya ujasiri, lakini mtazamaji wa leo huhitaji maelezo ya siasa za wakati ule ili acheke. Mwandishi Wahome Mutahi, mzaliwa wa Nyeri aliyefariki mwaka 2003, aliijua tofauti hiyo: aliwahi kufungwa kwa tuhuma za kisiasa na aliandika tamthilia kali za Kikuyu, ila safu yake ya gazetini, Whispers, ilidumu mioyoni kwa sababu ilisimama juu ya baba, mama na watoto wa nyumba moja yenye asili ya miteremko ya mlima.

Hata hivyo, rekodi hizi ziko hatarini: utepe wa kaseti hushika ukungu, na hewa yenye unyevu ya miteremko hiyo huharakisha uharibifu. Makumbusho ya Nyeri, yaliyomo katika jengo lililokuwa mahakama ya Waafrika wakati wa ukoloni, yangefaa kuwa na chumba cha sauti hizi. Familia zenye kaseti za zamani zinaombwa zisizitupe kabla hazijanakiliwa, na kila nakala iandikwe jina la msemaji, mahali na mwaka.